Kesi ya Sufuria ya Shaba na Halua Nyekundu

Shauri la Kumpata Mstahiki Mmoja, na Mmoja Tu, wa Sufuria Moja ya Shaba, Maonesho ya Kata ya Kwemsafu ya Vyakula vya Asili, Fungu la Vitamu, Fungu Dogo la Vitamu Visivyotokana na Mnyama wa Aina Yoyote.

Hilo ndilo jina lake kamili. Bwana Semngano, Mtendaji wa Kata, alilisoma mara mbili mbele ya watu, ya pili ikiwa ni kwa sababu ya kwanza aliishiwa pumzi katikati. Watu wa Kwemsafu, ambao wana shughuli nyingine, waliliita kesi ya sufuria. Basi sogeeni, wa nyuma mje mbele, watoto wakae chini, maana kesi hii ilikosa hakimu na bado inamtafuta.

Walikuwako ndugu watatu wa tumbo moja, upande wa Muheza, wenye jiko moja la kupikia vitamu na bustani moja nyuma ya jiko. Kila mmoja alikuwa na lake.

Shekue, mwanamume pekee kati yao, alijaliwa mkono wa kupanda. Kijiti alichokichomeka ardhini ili kufungia mbuzi wa jirani kilichipua. Nyuma ya jiko alikuwa na tangawizi kivulini, mchaichai kando ya mfereji, iliki, mipapai na choya, ile yenye maua mekundu ya kuchemsha. Watu walisema Shekue akikohoa karibu na mbegu, inaota.

Zaina, kitinda mimba, alijaliwa pua. Alijua nazi iliyoanza kuchacha kabla haijapasuliwa. Alikuwa na desturi moja ambayo ndugu zake walishachoka kuisema: akitia viungo sufuriani alifumba macho. "Macho yananichanganya," alisema. "Pua haijawahi kunidanganya."

Na Chausiku, dada mkubwa, alijaliwa mkono wa mwiko. Halua, kama mjuavyo, haitaki mtu wa haraka. Wanga na sukari vinakorogwa juu ya moto mpaka bega liombe talaka, na ukisimama kujikuna tu, inashika chini. Chausiku alikoroga huku akisimulia habari za msiba, akiamua ugomvi wa watoto na kuwakaripia kuku, na mwiko haukusimama.

Hawakutia samli, wala maziwa, wala asali, wala yai. Haikuwa kwa falsafa. Ng'ombe wao alikufa, samli ikawa haishikiki, Chausiku akajaribu mafuta ya nazi, na halua ikakubali. Baadaye wanawake wa Kisabato wakasikia na kuanza kuagiza. Wakaja Wakristo wa Kwaresima, kisha wageni wanaopanda milima ya Amani kutazama vipepeo. Mgeni mmoja akawaeleza kwa heshima kubwa kwamba chakula cha namna hiyo kina jina na kina wafuasi duniani kote. "Kumbe sisi ni watu wa msimamo," Shekue alisema. "Nami nilidhani ng'ombe amekufa."

Mwaka wao ulikwenda kwa majira. Masika walitengeneza kashata za tangawizi, kwa sababu ya vifua. Kiangazi ilikuwa zamu ya ubuyu na vipande vya papai vilivyokaushwa. Na Shaaban, mwezi wa kuvunja jungu, kila nyumba ilitaka halua kabla ya mfungo, hata nyumba zisizofunga.

Hapo ndipo penye mwiba. Halua nzuri inataka sufuria ya shaba, nzito, ya kusambaza moto sawasawa, nao hawakuwa nayo. Waliazima kwa jirani yao Bi Mwanamvua. Bi Mwanamvua alikuwa mkarimu miezi yote isipokuwa Shaaban, kwa kuwa Shaaban ndio mwezi wa harusi za ukoo wake, na ukoo wake haukuwa mdogo. Kila mwaka, halua inapotakiwa kuliko wakati wote, Chausiku alisikia hodi mlangoni. "Shoga, nimefuata sufuria yangu." Basi mwezi wote huo Chausiku alikoroga kwenye sufuria nyepesi, halua ikaungua chini, wateja wakasema ahsante kwa sauti ndogo.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa mwaka ule.

Mvua ziligoma. Wengine wote walingʼoa choya zao zilizonyauka, wakapanda mtama. Shekue peke yake alikataa. Aliziwekea nyasi kavu shinani, akazinywesha maji ya kuoshea mchele na yale ya kusuuzia nazi, akiyabeba kwa ndoo mwenyewe, mpaka Chausiku akamwambia, "Kaka, hivyo vichaka vyako vinakunywa kuliko familia." Kaka akajibu, "Vichaka havilalamiki, dada." Zikachanua wakati ambao hakukuwa na ua moja la choya Kwemsafu nzima. Akachuma asubuhi, akachemsha, akaacha maji yake yapoe kwenye bakuli juu ya kizingiti cha dirisha la jiko.

Asubuhi hiyohiyo Zaina aliamka na mafua. Hakusema. Mtu aliyejaliwa pua haendi kutangaza kwamba imeziba. Chausiku aliisikia sauti ya mdogo wake imebadilika, naye hakuuliza, kwa kuwa Bi Mwanamvua alikuwa ameshatuma salamu kwamba kesho anafuata chombo chake. Hii ndiyo ilikuwa halua ya mwisho ya sufuria ya shaba. Wakati wa kutia maji ya iliki ulipofika, Zaina akafumba macho kama kawaida yake, akanyoosha mkono dirishani, lilikokuwa pia bakuli la iliki, akachukua bakuli la kwanza alilolipata, akamimina lote.

"Zaina!"

"Nini?"

"Fumbua macho, mwanamke! Umetia nini?"

Zaina akafumbua. Sufuria ilikuwa nyekundu kama kitambaa cha bibi harusi. "Iliki," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba si iliki.

Nayo choya ni chachu, na uchachu ni adui wa wanga. Halua ikaachana, ikawa uji mwembamba unaochuruzika kwenye mwiko. Mpishi mwingine angeimwaga. Chausiku hakusimama. Alipunguza moto, akaongeza mafuta ya nazi kidogo kidogo, akakoroga adhuhuri ikapita, akahamisha mwiko mkono wa kushoto, akaurudisha wa kulia. Zaina alichochea kuni na kupenga kamasi. Jua lilipoinama, uji ukashikana, ukaacha kugusa kuta za sufuria, ukang'aa.

Shekue akaingia, akalamba mwiko. Akaulamba upande wa pili.

"Sema basi," Chausiku akamwambia, bega linamwuma.

"Nasubiri mniletee sahani."

Ilikuwa tamu mbele na chachu kidogo nyuma, kiasi kwamba ukimeza unataka kipande kingine ili uhakikishe. Ndiyo waliyoipeleka maonesho ya kata, ndiyo iliyoshinda, na tuzo ilikuwa sufuria ya shaba iliyowekwa mezani kwa Mtendaji, mpya, kubwa kuliko ya Bi Mwanamvua. Chausiku alipoiona alishika mkono wa kiti. Moyoni alikwisha kuiona jikoni kwake, Shaaban, na mlangoni hakuna hodi.

"Mshindi ajitokeze," akasema Bwana Semngano.

Wakasimama watatu.

"Mmoja," akasema Bwana Semngano.

"Tumetengeneza sote, Mheshimiwa," akasema Chausiku. "Ipeleke jikoni kwetu tu."

"Jiko si mtu, mama. Kanuni inasema tuzo haitolewi kwa kikundi, familia wala ushirika. Mwaka jana tulikipa kikundi toroli. Walipogombana, mmoja akachukua gurudumu, mwingine mikono, na wa tatu mpaka leo analala na bodi lake. Mmoja. Nani ametengeneza halua hii?"

Chausiku alidhani ndugu zake watamnyooshea yeye kidole. Hawakumnyooshea. Shekue alikuwa na mwaka mzima wa ndoo mabegani, na fundi mmoja wa Muheza alikwisha kusema atampa tangi la maji akiletewa shaba ya uzito ule. Zaina alikuwa anaolewa Korogwe baada ya Idi, na alitaka aingie kwa wakwe na chombo chake, aanze jiko lake, si kwenda kuwa pua ya jiko la watu.

"Niseme kwanza mimi," akasema Shekue. "Wekundu ule na uchachu ule vimetoka shambani kwangu. Wote hapa mliing'oa choya. Zaina angefumba macho toka Mfungo Mosi hadi Rajabu, kama bakuli halikuwapo dirishani angemimina nini? Hewa?"

Watu wakacheka, wakakubali.

"Haya, kaka," akasema Zaina. "Lakini choya umelima miaka yote, na dada amekoroga miaka yote, na halua nyekundu hatukuwahi kuiona. Siku ile jambo jipya lilikuwa moja tu. Mimi."

"Jambo jipya lilikuwa mafua!" akapaza Shekue.

"Mafua ya nani?"

Watu wakacheka zaidi, wakakubali tena. Bwana Semngano akauliza kama kosa linaweza kuhesabiwa mchango. Zaina akamwambia, "Mheshimiwa, wewe mwenyewe umekula vipande vingapi vya kosa langu?" Mheshimiwa akafuta mdomo.

Zamu ya Chausiku ikafika. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu bila mwiko mkononi. "Kaka amelima choya," akasema. "Sawa. Mdogo wangu ameimwaga. Sawa. Choya iliyomwagwa kwenye halua inaitwa hasara. Asubuhi ile wawili hawa walikuwa wametengeneza hasara, kubwa, nyekundu. Nani aliigeuza, mkaila?"

Hapo hakucheka mtu, ila wakakubali mara ya tatu, na ndiyo ikawa taabu yenyewe. Bi Mwanamvua, aliyekuwa safu ya mbele, akasema kwa nguvu kwamba kama ni sufuria kuna yake pia, halua imepikwa ndani yake. Akaambiwa anyamaze.

Chausiku akawatazama ndugu zake. Akiipata Shekue, itayeyushwa, lakini bustani itanywa maji hata mvua zikigoma tena, na bila bustani jiko linapika nini? Akiipata Zaina, itapanda gari la Korogwe, lakini mdogo wake atafika kwa watu akiwa na heshima yake. Akiipata yeye, itabaki, na kila Shaaban ataikoroga akijua nani aliikosa. Akatafuta moyoni sababu ya kusema yake ndiyo nzito zaidi. Alizipata nyingi. Kisha akazipata za wenzake, nazo zilikuwa nyingi vilevile.

Haya, nyinyi mliosogea. Mmoja aliotesha kitu pale ambapo wote walikata tamaa. Mmoja alikosea, na bila kosa lake kisingekuwapo kitu kipya. Mmoja aliiokoa hasara kwa bega lake. Sufuria ni moja, haikatwi. Kalamu ya Mtendaji imeinuliwa. Mngemwambia aandike jina la nani? Na wale mtakaowanyima, mngewaambia nini usoni?

Mkingali mnafikiri, niseme tu kilichotokea. Bwana Semngano aliandika kwamba shauri limeahirishwa. Mwenye ufunguo wa stoo ya kata alikuwa msibani Maramba, na sufuria haikuweza kuachwa nje. Shekue aliibeba kichwani hadi jikoni kwao, Zaina akashika mfuniko, na kesho yake Chausiku alipika halua ndani yake.