Filimbi ya Kumwamshia Chifu

Wahenga walipomkemea mwenye pupa hawakumkataza mtu kutamani kitu kizuri. Walimwonya tu kwamba anayekivamia hukikosa. Sateki wa visiwa vya Vava'u, mpiga tarumbeta hodari wa bendi ya kanisa, hakulielewa onyo hilo mpaka alipokabidhiwa kipande cha mwanzi.

Mwanzi huo ulikuwa fangufangu, filimbi ya kupulizwa kwa pua. Kichwa cha chifu hakiguswi, wala yeye hatikiswi usingizini. Kwa hiyo kila asubuhi ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, Melenaite, shangazi yake Sateki, ndiye aliyemwamsha kwa filimbi hiyo. Mwaka huu kifua kilimbana. Kazi ya ukoo ikamwangukia Sateki, mtoto wa kaka yake, na siku zilizobaki zilikuwa sita.

"Ukishindwa, nina spika yangu," alisema Lisiate, msimamizi wa nyumba ya chifu. "Nitaweka muziki wa simu dirishani. Na mwakani pia."

"Nishindwe mimi? Na mapafu haya?" Sateki akacheka.

Aliketi chini mkekani, kwani mtu haketi sawa na shangazi yake. Akaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akapuliza kwa tundu la pili kama anayeongoza gwaride. Fsssss! Akapuliza tena mpaka macho yakamtoka pima. Kilichotoka puani afadhali kisitajwe.

"Wee Sateki, unapiga filimbi au unapiga chafya?" Shangazi aliuliza, akacheka hadi akakohoa.

Udadisi ukamshika. Alichungulia matundu, akaugeuza mwanzi, akautia maji aone kama una ufa. Haukuwa na kasoro. Mbona kwa Shangazi uliimba, na kwake ulizomea tu? Alitamani kuweka kiganja mbele ya pua ya Shangazi aipime pumzi yake, lakini uso wa shangazi nao hausogezewi mkono.

Siku ya tatu akaja na jani la mgomba lenye majivu kidogo, akaliweka mbele yake. "Samahani, Shangazi, naomba upumulie hapa."

Shangazi akainama, akapumua kwa pua. Majivu yakatetemeka, hayakuruka.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka kimbunga?"

Sateki akainama upande wake, akajaribu. Majivu yote yakamrukia Shangazi usoni.

"Mungu wangu!" mama yake alipiga ukelele kutoka jikoni. "Umempaka shangazi yako majivu!"

Sateki alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi akajifuta nyusi taratibu. "Sasa umekiona kinachokushinda," akasema. "Haya, leta mengine. Ila mimi nahamia kule."

Alishinda na majivu kutwa mbili, mpaka yakawa yanatetemeka bila kuruka. Jioni ya siku ya tano mwanzi ukatoa sauti nene, laini, kama ya njiwa. Kwa furaha akaiongezea nguvu, ikakatika. Akaongeza tena. Fsssss! Aliumia kuliko siku ya kwanza, maana sasa alikijua alichokipoteza.

Asubuhi ya sikukuu aliketi kando ya chifu aliyelala fofofo. Lisiate alisimama dirishani na spika yake. Pumzi ya kwanza ikapita kimya. Lisiate akapeleka kidole kwenye kitufe. Kifua chote cha Sateki kilitaka kupuliza, kipulize sana, kimalize aibu hiyo. Akajizuia. Akapumua kidogo tu, kama mtu aliye usingizini. Sauti ikaja, ikajaa chumbani, naye hakuiongezea chochote.

Chifu akatabasamu kabla hajafumbua macho. "Melenaite," akasema, "kumbe umepona."

Machozi yalimlengalenga Sateki, wala hakumsahihisha chifu. Lisiate akajiondokea, spika kwapani. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.