Jicho la Mtoto wa Fundi Hiza

Chukua dakika mbili uisome hii, halafu mfikishie yeyote unayemjua anayelea mtoto mchanga.

Palikuwa na fundi mwashi aitwaye Hiza, mkazi wa kijiji kimoja cha milimani. Mkewe, Mwanaidi, alijifungua binti, wakamwita Zubeda. Mtoto alipofikisha wiki tatu, jicho lake la kushoto likaanza kutoka machozi hata kama halii. Kila asubuhi lilikuwa limegandana kwa tongotongo.

Wakampeleka zahanati. Nesi akalitazama kwa makini.

"Jicho ni zima. Kijia kinachopitisha machozi kwenda puani ndicho kilichoziba. Kata kucha, nawa kwa sabuni, kisha mkande hapa konani, karibu na pua, ukishuka chini taratibu. Fanyeni hivyo kila siku. Msitie kitu chochote jichoni, na pakivimba au kuwa pekundu, mje mara moja."

Mwanaidi alijaribu, akauondoa mkono haraka. "Siwezi, Baba Zubeda. Naogopa kumuumiza."

Basi Hiza akaichukua kazi hiyo. Kabla ya kwenda kujenga, na akirudi, alinawa, akampakata mwanawe, akamkanda. Mafundi wenzake wakamcheka: "Hiza siku hizi ni yaya!"

Mtihani wenyewe ulikuja na mama yake mzazi. Alifika na kikombe cha maji ya majani aliyoyatwanga.

"Mlaze mtoto nimtie. Ninyi nyote niliwatia haya."

"Mama, jicho la mtoto halitiwi kitu."

"Unanikataa mimi niliyekuzaa?"

"Nakataa dawa, mama. Wewe sikukatai."

Mama akaondoka amenuna, na kwa miezi minne hakukanyaga pale. Hiza ilimuumiza sana. Kuna siku chakula kilimshinda kabisa. Lakini kukanda hakuacha.

Zubeda akiwa na miezi sita, jicho likakauka, likawa linang'aa kama la pili. Siku ya kliniki nesi akauliza mbele ya kina mama, "Nani alikuwa anamkanda?"

Mwanaidi akamwonyesha mumewe kwa kidole. Kina mama wakaguna kwa mshangao.

"Macho mengi ya aina hii hufunguka yenyewe yakitunzwa," nesi akasema. "Hili limetunzwa. Baba, njoo uwaonyeshe wenzako."

Hiza akaketi mkekani, akaanza kuwaeleza. Mara sauti ikapaa kutoka mlangoni: "Huyo ni mwanangu! Nimemzaa mimi!"

Alikuwa mama yake, ameongozana na dada mdogo wa Hiza. Akapenya katikati ya watu akiwa amebeba kichanga cha binti yake, jicho moja limelowa.

"Na huyu lake limeanza juzi," akasema. "Nilisikia la Zubeda limepona, majani nimeyamwaga. Nimemleta kwako, mjomba wake."

Nesi akamchunguza kwanza, kisha akaitikia kwa kichwa. Hiza akampokea mtoto, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Funzo: Kumheshimu mzazi si kukubali kila anacholeta mkononi. Simamia lililo sawa kwa upole na uvumilivu, na yule aliyekununia ndiye atakayekuja kujivunia wewe mbele za watu.