Kakakuona Asiyelia Msibani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Bibi Pimbi alikufa. Alikuwa mzee sana. Alilala, hakuamka.

Wanyama wakaja msibani. Kilio kikapanda, uwiii! uwiii! Ngiri, jumbe wa kijiji, akalia. Kima akalia, akajigaragaza, akajipiga kifua, pu! pu! pu! Wote wakalia, ila mmoja.

Kakakuona, jirani wa marehemu, alikaa pembeni. Hakulia. Hakumpa mtu pole. Hakumtazama mtu usoni. Alikuwa akipanga vijiwe, tk, tk, tk.

Kima akafuta jicho moja. La pili lilikuwa likimchungulia Kakakuona.

"Jirani, mbona hulii?"

"Machozi hayaji."

"Na Bibi kafa kwa nini?"

"Alizeeka."

Wanyama wakaguna, mmm! Msibani hapasemwi hivyo.

"Mnamsikia?" Kima akanong'ona. "Ukimuuliza habari za nyumbani, anakueleza habari za mchwa mpaka jua linazama. Ukimgusa bega, anajikunja. Huyu ana lake jambo."

"Pengine ndivyo alivyo," akasema Ngiri.

"Jumbe, lisemwalo lipo!"

Lilisemwa na nani? Na Kima mwenyewe! Lakini neno likatembea, nyumba kwa nyumba. Asubuhi Kakakuona akaonekana akienda kwa marehemu. Kesho yake, tena.

"Anakwenda kwa mfu!"

"Mchawi!"

Wakakata shauri: kesho Kakakuona ahame kijiji kabla jua halijatua. Alfajiri alipotoka, wakaziba mlango wa shimo lake kwa mawe, gu! gu! gu! Kisha wakamfuata, nyatu, nyatu, wamfumanie akiroga.

Kakakuona akafika kwa Bibi Pimbi. Alibeba majani machanga, yamepondwa yakalainika. Akayaweka mlangoni. Akaketi.

"Bibi, leo pia hukuamka," akasema. "Chakula chako hiki. Kesho nitaleta tena."

Kichakani walikojificha, wanyama wakatazamana. Kumbe! Bibi Pimbi alikuwa kibogoyo. Nani alikuwa akimpondea majani miaka yote ile? Hawakuwahi kujiuliza, wala hawakuwahi kumpelekea hata jani.

Aibu ikawashika. Kima akachomoka kichakani, mikono wazi. "Ndugu yangu, nisamehe!" Kakakuona akajikunja duara, kwi!

"Mmeona?" mmoja akanong'ona nyuma. Hata hapo! Dhana mbaya haifi upesi, wanangu.

"Mwache, usimguse," Ngiri akamkemea Kima. Akaketi chini, mbali kidogo. Akangoja. Akangoja sana. Kakakuona akajikunjua.

Ngiri akakohoa, akaanza hotuba. "Ndugu yetu mpendwa, kwa niaba ya kijiji kizima..."

"Mmeziba mlango wangu," akasema Kakakuona, macho chini. "Nilisikia mawe. Uzibueni."

Hotuba ikaishia hapo. Wakaenda wote kuyatoa mawe, na Kima ndiye aliyebeba lile kubwa.

Basi wanangu, nanyi wazazi mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Si kila mwenye uchungu hulia. Asiyefanana nawe si mbaya wako. Kaa naye umjue kabla hujamzushia neno.

Mimi na hadithi yangu tumefika mwisho. Na wewe unayemwita mtoto wa jirani zuzu, nimekuona.