Udaktari wa Jenerali Kifaru

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, maana leo sauti yangu haifiki mbali.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zenye milango, na vyuo, na serikali, palikuwa na nchi iliyoitwa Lwambe. Wanyama wa Lwambe walikuwa na desturi yao. Kila kiangazi kilipoisha walikutana wakachagua wa kuwaongoza. Mwaka huu pundamilia, mwaka ujao nungunungu. Wengine waliongoza vizuri, wengine ovyo. Aliyeongoza ovyo aliondolewa, akarudi kulima, mambo yakaisha.

Siku moja akaja Jenerali Kifaru na askari wake nyati. Gudu-gudu-gudu! Akakalia kiti.

"Nakaa kwa muda mfupi tu," alisema. "Nchi ikitulia, nitaondoka."

Basi ule muda mfupi ukakaa, ukanenepa, ukaota mvi.

Katika Chuo cha Lwambe palikuwa na mwalimu mmoja, Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, anaenea kiganjani, pua ndefu kama mrija, miguu kama njiti. Mbio zake, fyuu! umemwona, hujamwona. Alifundisha historia, na katika historia ya Lwambe huwezi kuziruka habari za kuchagua. Wanafunzi wake wakasikia, wakaulizana, "Mbona sisi hatujawahi kuchagua?"

Asubuhi moja wakatoka kwa miguu. Mbele yao alikuwa Zawena, binti digidigi, mwenye sauti nyembamba isiyokatika. Hawakubeba jiwe wala fimbo. Walikwenda mpaka mlangoni kwa Jenerali wakauliza, "Tutachagua lini?"

Jibu lilikuwa gudu-gudu-gudu.

Vumbi lilipotulia, kijana mmoja wa kanga aliyeitwa Selemu alikuwa amelala njiani, na hakuinuka tena. Zawena alikuwa amevunjika mguu. Yeye na wenzake wote wakaswagwa hadi kwenye zizi la miiba, nyuma ya kambi ya askari. Kisha ikapigwa mbiu: "Marufuku maandamano! Wanyama zaidi ya wawili wasitembee pamoja!" Ikawa hata mama kware akienda kisimani, anawapeleka vifaranga wake mmojammoja.

Kila siku Bi Sange alipeleka uji zizini. Mlinzi alikuwa nyati mmoja mzee, Koplo Bakora. Kila siku Koplo aliinua kibuyu, glo-glo-glo, akanywa nusu.

"Hii ni nusu ya serikali," alisema, akajipangusa mdomo.

Bi Sange hakubishana. Mwanzoni alibishana, kisha akachoka. Alisukuma kibuyu kati ya miiba, akamwuliza Zawena, "Mguu?"

"Unauma, Mwalimu. Nje wanasemaje?"

"Wananong'ona tu."

Siku moja Bi Sange amekaa kibarazani kwake, mumewe anakoroga chungu, akatua Profesa Korongo. Korongo alifundisha katika chuo kikubwa cha nchi za kaskazini, na kila mwaka alipita Lwambe akikimbia baridi ya kwao.

"Bi Sange, pole sana! Pole mno! Habari zimetufikia. Walimu wa vyuo vyote tumesikitika."

"Ahsante."

"Tumetoa tamko."

"Ahsante."

"Na Profesa Ngamia wa nchi za mchanga, naye ametoa tamko. Mzee Kobe wa visiwani bado analiandika la kwake, unajua tena mwendo wake. Tuko pamoja nanyi, Bi Sange!"

"Profesa, masikitiko yenu nimeyapokea. Yamejaa humu ndani mpaka mume wangu hana pa kuweka chungu. Sasa naomba kitu kingine."

"Sema, dada yangu."

"Njooni."

"Tuje... wapi?"

"Hapa. Mje na majoho yenu, yale marefu meusi yanayoburura chini. Mje nayo mengi. Na mje mmtunuku Jenerali Kifaru udaktari wa heshima."

"Ala!" Korongo aliruka, nusura ajigonge kwenye paa. "Tumpe muuaji shahada? Tutachekwa dunia nzima! Jina letu tutaliweka wapi?"

"Watoto wako kwenye miiba," alisema Bi Sange. "Ninyi mtachekwa. Pima mwenyewe lipi zito. Mimi sina nguvu ya kukupimia."

Mumewe akaacha kukoroga. Korongo akasimama kwa mguu mmoja kitambo kirefu, halafu akabadilisha mguu.

"Nitawaambia," alisema. "Watataka kikao."

"Najua watataka kikao. Waambie mvua zikianza, wale watoto hawatahimili."

Bi Sange akamweleza yote, Korongo akaruka zake. Vikao vikakaa. Ngamia akasema haifai, akasema haijawahi kutokea, akasema labda tamko la pili. Mzee Kobe, ambaye hata la kwanza hajalimaliza, akaliacha pale pale mezani, akaanza safari.

"Wewe unakwenda wapi, nasi hatujakubaliana?" Ngamia alimwuliza.

"Mimi natembea polepole," Kobe alijibu. "Nikingoja mkubaliane sitafika."

Ngamia akamtazama akienda, akaona haya. Akaenda kutafuta majoho.

Huku Lwambe, Bi Sange akaingia kwa Jenerali Kifaru. Kando ya kiti alisimama Sajini Ngiri, macho yake madogo yakizungukazunguka. Ndiye aliyekuwa macho ya Jenerali, kwa kuwa kifaru haoni mbali.

"Shikamoo, Mheshimiwa Jenerali."

"Nani huyo? Sauti inatoka wapi?"

"Huku chini, Mheshimiwa. Ni Sange wa chuoni. Nimeleta habari njema. Walimu wa nchi za nje wanataka kukutunuku udaktari."

"Hhhmph!" Masikio ya Kifaru yakasimama. "Udaktari? Nitaitwa Daktari?"

"Daktari Jenerali Kifaru. Wa kwanza katika ukoo wenu wote."

"Mheshimiwa," alisema Ngiri, "huyu ni mwalimu wa wale wahuni. Mimi simwamini."

"Unaona wivu, Sajini," alisema Kifaru. "Endelea, Sange."

"Ila wenzetu hao wana mila zao. Udaktari hutolewa mbele ya wanafunzi. Chuo bila wanafunzi ni banda. Wakikuta banda, watageuza."

Kifaru akafikiri. Ilimchukua muda. "Wanafunzi ninao. Wako zizini."

"Basi wapo! Waoshwe tu, wavalishwe. Na mila nyingine, mwenye joho haguswi. Si kwa pembe, si kwa kwato. Ikipigwa mbiu hiyo, wageni watakuja bila hofu. Kisha daktari mpya huwaongoza wote kwa miguu mpaka mpakani, akawaaga wageni huko kwa heshima."

"Maandamano!" Ngiri akapiga kelele. "Mheshimiwa, hayo ni maandamano!"

"Mbele niko mimi," alisema Kifaru. "Nikiwa mbele mimi si maandamano, ni sherehe. Piga mbiu!"

Mbiu ikapigwa nchi nzima. Mwenye joho haguswi, amri ya Jenerali.

Siku ikafika. Wageni wakaingia: Korongo, Ngamia na mizigo mgongoni, na mwisho kabisa Mzee Kobe, mkubwa kama jabali, gamba limejaa vumbi la njiani. Mizigo ikafunguliwa. Majoho! Meusi, marefu, ya kila kimo. Wanafunzi wakatolewa zizini, wamekonda, wanapepesa macho kwenye jua. Swala, tumbili, pimbi, kila mmoja akavishwa lake.

Zawena hakuweza kusimama. Mguu ulikuwa umevimba kama gogo.

"Mwalimu, niacheni," alisema. "Wengine wakipona yatosha."

"Usiniletee hotuba," Bi Sange alimjibu. "Nimechoka. Mzee Kobe, mgongo wako unafaa?"

"Mgongo ndio nilionao," alisema Kobe.

Wakampandisha Zawena juu ya gamba, wakalitandaza joho la Kobe juu yao wawili. Ukimtazama, ungesema mzee ameshiba sana.

Sherehe ikafanyika. Ngamia akasoma sifa za Jenerali kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. Kofia ya udaktari ikakosa pa kukaa, ikatundikwa kwenye pembe. Nyati wakapiga kwato, puu! puu! puu! Kifaru akalia machozi ya furaha, na yale macho yake mabovu yakazidi kutoona.

"Twendeni mpakani!" akanguruma.

Wakaenda. Mbele Daktari Jenerali, kofia inaning'inia. Nyuma yake majoho, meusi, yanaburura, shwaa, shwaa, shwaa. Pembeni nyati wamejipanga, kimya. Wanyama wa Lwambe walikuwa hawajaona wenzao wengi wakitembea pamoja tangu siku ile. Walitoka milangoni wakatazama. Mama yake Selemu naye alitoka. Hakupunga bawa. Alitazama tu mpaka wa mwisho akapita.

Mpaka ulikuwa mto, maji ya magotini. Ng'ambo ilikuwa nchi ya tembo, nao tembo walikuwa wamejaa ukingoni, maana Korongo alikuwa amepita kwao kwanza. Kifaru aliwaweza wadogo. Tembo hakuwagusa.

"Kwaherini, wageni!" Alisimama kando, akainua pembe. "Kwaherini!"

Chubwi, akaingia Ngamia. Chubwi, chubwi, chubwi, majoho yakafuata. Kifaru aliona weusi tu unapita.

"Mbona wageni ni wengi?" aliuliza.

"Umeheshimiwa sana, Daktari," alisema Bi Sange.

Ngiri akaja mbio, mkia juu. "Mheshimiwa! Wanavuka!"

"Wageni lazima wavuke, mjinga wewe."

"Si wageni! Ni wale wa zizini!"

Wote walikuwa wameshafika ng'ambo, isipokuwa Mzee Kobe. Yeye alikuwa bado mchangani. Hatua. Hatua. Ngiri akamrukia mbele, meno nje.

"Simama! Vua joho!"

"Mwenye joho haguswi," alisema Kobe, naye hakusimama.

"Koplo Bakora! Mkamate! Humo ndani kuna mtu!"

Koplo Bakora alikuwa karibu kuliko wote. Alilitazama lile joho lililovimba. Chini ya pindo lake ilichungulia kwato moja ndogo, imefungwa kitambaa. Aliijua, alikuwa akiiona kila siku kupitia miiba. Kisha akamtazama Bi Sange, na Bi Sange hakumwomba kitu.

"Koplo! Husikii?"

"Nasikia, Sajini. Lakini amri ni ya Jenerali, na Jenerali hajaitengua." Koplo akavuta pumzi ndefu. "Halafu mimi nimezeeka. Siku ile ya wanafunzi nilikuwa mstari wa mbele. Yatosha."

"Mheshimiwa! Tengua amri!"

"Nitengue?" Kifaru aligeuka huku, akageuka kule, kofia ikamziba jicho moja. "Nikitengua, udaktari wangu utabaki?"

Na alipokuwa akilipima jambo hilo, lo! likasikika chubwi zito, la mwisho. Kobe ameingia majini. Tembo mmoja akanyoosha mkonga, akamwinua Zawena kama anayechuma tunda, akamweka nyasini.

Ndipo Kifaru alipoelewa. "Sange! Umenidanganya!"

"Bi Sange, vuka!" Korongo aliita kutoka ng'ambo. "Vuka upesi!"

Bi Sange akautazama mto. Akamfikiria mumewe, na wale wadogo ambao mwakani wangefika chuoni kuuliza habari za kuchagua, wakakosa wa kuwajibu.

"Nendeni," alisema. "Walimu wote tukiondoka, atabaki nani?"

Kwato za Kifaru zikashuka, puu! Pale alipokuwa pakabaki vumbi. Fyuu! Alikwishaingia kwenye vijia vyake vya chini ya majani, ambamo hakuna nyati anayeweza kuingiza hata ulimi.

Tangu hapo Bi Sange hakulala mahali pamoja. Aliishi kwenye mashimo ya wanyama wema, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mumewe na chungu chao. Koplo Bakora alivuliwa ukoplo, akafungiwa katika zizi lile lile. Kifaru aliendelea kukaa kitini, akiitwa Daktari. Walimu wa nje walichekwa kweli: mwenzao mmoja alikataa hata kula meza moja na Ngamia. Lakini kila mmoja alikuwa na wanafunzi wa Lwambe nyumbani kwake, wanakula, wanasoma, wanauliza maswali.

Mwaka uliofuata Korongo alirudi, akamkuta Bi Sange kwenye shimo la muhanga, yule mchimbaji wa usiku, anafundisha panya wanne.

"Zawena anatembea," alisema. "Anachechemea, lakini anatembea. Anauliza, arudi?"

Bi Sange alifikiri, akafumba macho, akayafumbua.

"Mwambie bado," alisema. "Mwambie asome. Na wewe kaa chini, Profesa, unawazibia watoto mwanga."

Korongo akakaa, akakunja miguu yake mirefu, somo likaendelea.

Yamefika hapo, wanangu, nami nimefika hapo. Anayekuonea huruma kutoka mbali, mshukuru. Anayekuja kutembea nawe njia ya miiba, huyo ndiye mwenzako.