Kwa Nini Mtungi Hutoka Jasho

Usilale kwanza, mwanangu. Maji yanapoa, na wakati yanapoa nakusimulia, halafu utakunywa, sawa?

Kulikuwa na wakati mitungi haikutoka jasho. Mwanamke akipata mtungi mpya aliupaka mafuta ya nyonyo ndani na nje, akausugua mpaka ukang'aa kama kipara cha babu, na hapo hauvuji hata tone. Mtungi wa kuvuja ulikuwa aibu, watu walisema mwenyewe mvivu. Na kama maji yana joto, nani alijali? Mto ulikuwa nyuma ya nyumba.

Lakini kulikuwa na mwanamke, Nyamizi, na kila kiangazi watu wa kwao walihamia kambini kukwangua chumvi, kwenye uwanda wa chumvi, mwendo wa siku tatu. Mbele yao ziwa, jeupe, chungu, halinyweki. Maji ya kunywa yalitoka kisima cha mbali, unaondoka alfajiri unarudi jua la utosi, na kila kibanda kilipata mtungi mmoja tu kwa siku. Ikifika alasiri maji yale yalikuwa ya moto kama ya kumkandia mzazi.

Nyamizi alikuwa na mtoto mmoja, wa kwanza, Sayi. Sayi akashikwa na homa. Akinyweshwa anatapika, akinyweshwa anatapika, midomo imekauka, na machozi hayatoki tena, analia makavu. Nyamizi hakujua la kufanya. Akanusa kata, akasikia harufu ya nyonyo, akasema ni hii, ni hii harufu inayomtapisha. Akamimina maji kwenye vibuyu, akausugua mtungi kwa mchanga na majivu, akaubandika motoni mtupu mpaka mafuta yote yakaungua, ukabaki mwekundu, mkavu, kama siku ulipotoka kwa mfinyanzi. Ulipopoa akarudisha maji.

Mama mkwe wake, Kwandu, akarudi kutoka kukwangua chumvi akaukuta mtungi umelowa nje.

"Mkwe wangu, umefanya nini? Mtungi unalia."

"Na mimi nalia, mama. Uache tulie wote."

"Maji ya siku nzima haya. Yakiisha utamnywesha nini mjukuu wangu, chumvi?"

Nyamizi akaogopa zaidi, maana ni kweli. Akavua nguo yake ya begani akauzungushia mtungi ili tone lisipotee, akaubeba mpaka kivulini, pale upepo wa uwandani unapopita, akaukumbatia kama anavyombeba Sayi. Akakaa hivyo. Upepo ukavuma kwenye nguo iliyolowa, na kifua chake kikaanza kusikia ubaridi. Akadhani ni woga. Akatia kata ndani, akaonja.

Maji yalikuwa baridi.

Akamnywesha Sayi kidogo. Akangoja. Hakutapika. Akamnywesha tena, na mtoto akaishika kata kwa mikono yake miwili akakataa kuiachia.

Kwandu akachungulia mtungini. Maji yalikuwa yamepungua kidole kimoja tu.

"Basi kumbe," akasema taratibu, "ulikuwa unatoa kidogo ili yaliyobaki yapoe. Na sisi miaka yote tumeuziba mdomo."

Alikwenda kibandani kwake, akachukua mchanga na majivu, akaanza kuusugua mtungi wake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo mtungi haupakwi mafuta, na hutoka jasho. Ndiyo maana tukifika kambini, kabla ya kujenga kibanda, mtungi hutafutiwa kivuli penye upepo na kuvishwa nguo iliyoloweshwa, na ndiyo maana bibi yako hukukataza kuufuta. Jasho lile ni la mama aliyeogopa.

Sasa lete mkono, gusa hapa. Umesikia ubaridi? Haya, mwanangu, kunywa. Kidogo kidogo. Nimekushika.