Jinsi Mafuta Yalivyopanda Juu ya Maji

Zamani mafuta hayakuelea. Yalikaa kwenye kitako cha chungu, maji yakiwa juu yake, na ndiyo maana wanawake walioyatengeneza hawakuyapata.

Kazi ya mawese mnaijua: kukata mikungu, kuchambua chikichi, kuchemsha, kutwanga, kisha kuchemsha tena. Siku hizo vyungu vikubwa vilikuwa vya mzee mmoja tu, Misago. Alimwazima kila aliyetaka, kwa sharti moja: cha juu ni cha mpishi, cha chini ni cha mwenye chungu. Basi wanawake walitwanga mpaka viganja vikachubuka, wakarudi nyumbani na maji mekundu ya kuungia mboga. Kwa Misago hata mbwa alikuwa anang'aa.

Alikuwapo mwanamke aliyeitwa Nyandwi. Alikuwa amejifungua, na siku ya kumtoa mtoto nje ilikuwa imefika. Mtoto hatolewi mkavu. Hupakwa mafuta ya kwao. Akipakwa ya nyumba nyingine, ni wa nyumba hiyo, na akikua atatwanga huko. Nyandwi akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika nguo asionwe na jua, akaenda kupika jikoni kwa Misago.

Misago alimkuta amekoleza moto. "Unajichosha bure, mama. Mafuta ninayo ya kupaka hata ng'ombe. Sema tu mtoto ni wetu."

"Huyu ana kwao, baba," Nyandwi akajibu, bila kuacha kuchochea kuni.

Chungu kilipopata moto, aliinama akasema, "Wewe mafuta, nani kakwambia ukae chini?"

Wanawake wenzake waliokuwa wakipika humo wakacheka. "Jamani, uzazi umempanda kichwani! Anagombana na chungu!"

Lakini mafuta yalijibu kutoka chini, kwa sauti nzito. "Maji yalitangulia kuingia humu. Aliyetangulia ni mkubwa, na mkubwa hukaa juu."

"Mkubwa?" Nyandwi akashika kiuno. "Haya maji nimeyachota leo, umande haujakauka. Wewe nilikufukia ukiwa kokwa, mimi bado msichana. Nimekupalilia. Mti ulipozaa nimeupanda kukukata, na nimekutwanga mtoto akiwa mgongoni. Maji ni mgeni aliyeingia asubuhi. Wewe ni mzaliwa wa hapa, na mdogo wako, huyu mtoto, anakungoja. Unajificha nini?"

Mafuta hayakuwa yameambiwa hivyo na mtu yeyote. Basi yakaanza kupanda.

Maji yalikasirika. Yalitokota, yakayasukuma mafuta, yakayapasua matone matone. Kila tone likapanda peke yake, na huko juu yakakutana, yakatandaza wekundu wake kutoka ukingo hadi ukingo. Misago alinyakua mwiko akakoroga kwa nguvu zake zote, akikandamiza chini. Alipoishiwa pumzi, mafuta yalikuwa yamerudi juu, yametulia.

"Baba," Nyandwi akamwuliza mbele ya wote, "cha juu ni cha nani?"

Misago alitazama chungu, akatazama watu. Sharti alilitunga mwenyewe. "Cha mpishi," akasema.

Nyandwi alichota mafuta kwa kata, akayaacha yapoe, akampaka mwanawe kuanzia utosini hadi nyayo. Akatoka naye nje, akamwinua juani ili kila mtu amwone. Hakumshukuru Misago, na hakukuwa na sababu ya kumshukuru. Misago alibaki na kilichokuwa chini: maji ya moto na machicha.

Na tangu siku hiyo mafuta hayakubali kukaa chini ya maji. Koroga, tikisa, chemsha utakavyo. Ukituliza mkono tu, yanapanda. Hata tone moja likidondoka kwenye beseni hujitandaza juu, kwa kuwa linajua ni mzaliwa wa wapi. Nasi tunawatoa watoto wetu nje waking'aa, kwa mafuta tuliyoyatwanga wenyewe.