Nguchiro na Gari Lililolala kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na magari na binadamu bado wanakwenda kwa miguu, Nguchiro alikuwa na gari dogo jekundu. Tulieni, wanangu, msikie yaliyolipata.

Siku moja Nyati alirudisha gari lake nyuma bila kutazama. Paa! Mlango wa gari la Nguchiro ukabonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Nguchiro akalipeleka kwa Fundi Kifaru, mnyoosha bodi mwenye nguvu kuliko mafundi wote wa mji.

"Njoo kesho, mzee," Kifaru akasema.

Nguchiro akaenda kesho yake.

"Jua halijatosha. Rangi haitakauka. Njoo kesho."

Akaenda tena.

"Jua limezidi! Rangi itapasuka. Njoo kesho."

Akaenda tena na tena.

"Ah, mzee, msaidizi wangu amefiwa na bibi yake."

"Poleni. Lakini bibi yake si tulimzika juzi?"

"Yule alikuwa wa upande wa mama."

"Na yule wa kabla ya yule?"

Kifaru akakohoa. "Njoo kesho, mzee."

Sasa, Nguchiro hakuwa na kesho nyingi. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Mwanakheri, na alikuwa amemwahidi tangu utotoni kwamba atatoka nyumbani kwa baba yake ndani ya gari la baba yake. Tena mji ule ulikuwa na mila yake. Harusi haikuwa harusi mpaka Hondohondo, mpiga tarumbeta, asimame mbele ya msafara awataje mafundi mmoja mmoja: aliyepika pilau, aliyepaka hina, aliyeshona nguo, na aliyelishughulikia gari. Mtu hutajwa kwa kazi aliyoimaliza. Aliyeanza akaacha, hana lake.

Alhamisi Nguchiro alikwenda gereji akamkuta jirani yake Kanu, yule mwenye madoadoa na mkia wa maringo. Gari la Kanu lililetwa baada ya lake, na lilikuwa tayari! Lilikuwa linang'aa hata nzi akitua anateleza.

Nguchiro akahisi kitu kinamchoma chini ya mbavu. Mlango wake yeye ulikuwa umelala mavumbini, na kuku ametaga juu yake.

"Hebu niambie kweli, Kanu," Kifaru alikuwa akisema, "Tembo angeweza kupaka rangi hivi?"

"Tembo?" Kanu akacheka. "Tembo akapake chokaa jikoni kwake!"

Kifaru akatabasamu mpaka masikio yakagusana. Yeye na Tembo walijifunza ufundi kwa mwalimu mmoja, na siku moja tu mwalimu alimsifu Tembo kwanza. Tangu siku hiyo Kifaru aliapa hatalikanyaga daraja la mto, asije akaiona gereji ya Tembo iliyoko ng'ambo. Na kweli, hakulikanyaga.

Kanu akawasha gari. Vruum! Akapita taratibu mbele ya Nguchiro.

"Baba Mwanakheri, usihuzunike! Bibi harusi atapanda langu. Hondohondo atalitaja vizuri tu: gari la Kanuuu!"

Piii! Piii! Akaenda zake.

Nguchiro akarudi nyumbani, hakula. Mkewe akamwekea uji, ukapoa.

"Nini, baba Mwanakheri?"

"Kanu."

"Kanu amefanyaje?"

"Amepiga honi."

"Na honi inakunyima chakula?"

Nguchiro akausogeza uji kando. Kila alipofumba macho aliliona gari la Kanu likimchukua mwanawe. Lakini wivu, hata ukiuma, wakati mwingine humfumbua mtu macho. Akajiuliza: "Mimi nimeumwa hapa chini ya mbavu. Kifaru anaumwa wapi?"

Nguchiro jana yake tu alikuwa amevuka daraja kwenda kualika wageni. Akakumbuka alichokiona huko. Akavuta uji wake, akaumaliza.

Ijumaa asubuhi alifika gereji akipiga mluzi, amebeba kamba begani.

"Shikamoo, fundi!" alisema kwa furaha, akaanza kuifunga kamba kwenye bampa la gari lake.

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Kulivuta, fundi. Nimekusumbua vya kutosha. Nalipeleka ng'ambo."

Sikio moja la Kifaru likasimama. "Ng'ambo kwa nani?"

"Kwa nani tena, fundi? Ng'ambo kuna fundi mmoja tu."

Sikio la pili likasimama.

"Tembo ana kazi nyingi. Hatalimaliza!"

"Huenda. Lakini Hondohondo ameshaanza kujizoeza. Nimemsikia nikija: 'Gari limenyooshwa na Temboo, Temboo, Tembooo!' Jina lake linakaa vizuri kwenye tarumbeta, umeona?"

"Mlango huu niliuanza mimi!" Kifaru akanguruma. "Bondo hili la kusawazishia bati nimelipaka mimi!"

"Kweli kabisa. Ila unajua mila yetu. Hutajwa aliyemaliza." Nguchiro akakaza fundo. "Mji mzima utakuwepo. Hata mwalimu wenu wa zamani nimemwalika."

Kifaru akapumua kwa nguvu, pfuuu, vumbi likatimka, kuku akakimbia.

"Weka kamba chini."

"Sitaki kukutaabisha, fundi. Msaidizi wako ana msiba."

"Bibi amepona! Weka kamba chini!"

"Na jua je?"

"Jua linatosha!"

"Sijui..." Nguchiro akajikuna kidevu. "Mwenzio angeniwekea na taa mpya ya kushoto."

"Ya kushoto tu? Mimi nitaweka zote mbili! Kaa pale, usiguse kitu!"

Ngo! Ngo! Ngo! Kifaru akaunyoosha mlango kwa pembe yake mwenyewe. Akapiga msasa, shwaa, shwaa. Akapaka rangi, akasimama upande wa upepo akiipulizia kwa matundu yote mawili ya pua. Kila alipotaka kupumzika, Nguchiro alianza kuimba polepole, "Temboo, Temboo," na nyundo ikarudi kazini. Kabla jua halijatua, gari jekundu lilitoka gerejini likiwaka kama pilipili iliyoiva.

Jumamosi Mwanakheri alipanda gari la baba yake. La Kanu lilikuwa mwisho wa msafara, limebeba masufuria, na vumbi lote likawa lake. Nguchiro alichungulia nyuma akaliona, akashiba kuliko waliokula pilau.

Hondohondo akavimbisha koo. Paaarapapaa! "Gari limenyooshwa na Kifaruuu!"

Vigelegele vikapigwa. Kifaru alivimba kifua, akamtafuta Tembo kati ya wageni. Akamwona, ana matope mpaka magotini.

"Umesikia, Tembo?"

"Nimesikia, ndugu yangu. Hongera sana."

"Uliumia, eh? Kulikosa gari lile?"

"Gari lipi?" Tembo akashangaa. "Mimi niliacha magari tangu masika. Harufu ya rangi inanidhuru. Siku hizi nafyatua matofali. Kwani hujapita ng'ambo ukaona?"

Kifaru akageuka kumtafuta Nguchiro.

"Nguchiroooo! Umenidanganya! Rudi hapa!"

Lakini gari lilikuwa limeshaondoka. Nguchiro akatoa kichwa dirishani, sharubu zikipepea.

"Njoo kesho, fundi!" akapaza sauti. "Njoo kesho tuzungumze!"

Basi, wanangu, wivu wako ni mpini unaojichongea mwenyewe: ajuaye kuushika hukutumia apendavyo.